Jitu la Chuma na Maneno Yaliyofichwa

Siku ile nilirudi kutoka maabara ya zahanati nikiwa nimechemka. Mashine yetu mpya ya kupima damu ilikuwa haielewani na kompyuta zetu za mfumo huria, ule ulio wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha, kwa kuwa walioiunda hawakutoa maelezo ya kutengenezea kiendeshi, yaani programu ya kuzipatanisha. Nilipowauliza mabingwa wa mfumo huo mtandaoni, walinikejeli: "Kama hujui, waachie wanaojua." Nikahangaika peke yangu mpaka mashine ikaitika. Ndipo nikaapa, "Na mimi simwambii mtu!" Nikajitupa kitandani na hasira zangu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya mawe mekundu, mbele ya mji wenye kuta ndefu, na chini ya kuta hizo jitu la chuma lilikuwa likiua. Lilimkamata mtu kiunoni likampasua kama muhogo, likamkanyaga mwingine hata damu ikanirukia usoni. Watu walikimbilia lango, wakalikuta limefungwa, wakapondwa hapo hapo huku wakilikwaruza kwa kucha. Mwanamke mwenye uso wa makovu akanivuta nyuma ya jabali. "Mimi ni Ufafanuzi," akasema. "Jitu hili si ovu, mwanangu. Usiri alililea gizani, akayaficha maneno linayoyatii. Asemeshwapo kwa lugha asiyoijua, hata mpole huogopa. Nalo likiogopa, huua."

"Hakuna anayeyajua?"

Akanionyesha juu ya ukuta. Mtu aliyemwita Kiburi alikuwa ameketi huko na wenzake, akicheka. "Tunayajua! Tuliyapata kwa jasho letu, nanyi toeni lenu!" Wakawavurumishia mawe waliojaribu kupanda. Mzee mmoja alipasuliwa paji la uso, akanifia mikononi.

Ufafanuzi akatoka, akaliendea jitu akitamka neno moja moja kwa sauti ya kufika mbali. La kwanza likalikasirisha jitu, nalo likamvunja mkono. "Hilo silo!" akatupigia kelele, mfupa umetokeza. "Msilirudie!" La pili likalisimamisha. "Hilo lishikeni!" La tatu likamletea ngumi iliyombomoa mbavu. Nilimkimbilia, nikamkuta anatapika damu, naye akaninong'oneza neno la mwisho. "Usilimeze. Wape walio langoni, kwa maneno yao." Akakata roho. Jitu likainua mguu juu yangu. Nikageukia lango, nikalipaza neno lile na maana yake kwa lugha yao, kwa nguvu zangu zote, na wale waliojeruhiwa wakalipokea, kinywa hadi kinywa, mpaka bonde zima likavuma. Jitu likapiga magoti. Kiburi aliendelea kurusha mawe, lakini hakuna aliyemtazama tena.

"Dada! Unapigana na nani?" Mdogo wangu, Kokushubira, alikuwa akinitikisa. Nilikuwa nimelowa jasho, na moyoni nikaona wazi: kwa kiapo changu, Usiri alikuwa amepata askari mwingine. Nikachukua simu, nikampigia Mwombeki wa zahanati ya ng'ambo ya mlima, ambaye alipewa mashine kama yetu.

"Mwombeki, mashine yenu inafanya kazi?"

"Wapi, dada! Tumeifunika shuka. Leo mama mjamzito amerudi bila kipimo."

"Ifunue, uiwashe. Nakueleza hatua kwa hatua huku naandika, wengine nao wasome. Usipoelewa mahali, nikatize."

Nikaandika mstari wa kwanza, wa kuweka kiendeshi, nikamsomea. Kisha akasema, "Dada, hapo pa kwanza tu, kiendeshi ni nini?"

Nikafuta mstari wa kwanza, nikauanza upya.