Nyumba Ndogo ya Babu

"Nyumba ndogo? Yule mzee? Labda nyumba ndogo ya njiwa!" alicheka jirani mmoja.

"Mimi sisemi," alijibu kinyozi. "Nasema nilichosikia."

"Na uliyemsikia ni mimi, kwa hiyo usinigeuzie maneno!" Mshonaji alitoa sindano mdomoni ili agombe vizuri. "Nimekwambia kuna mgeni kashuka garini, kasimama hapa mbele ya cherehani yangu, kaniuliza, 'Bibi yupo? Nimemletea nyumba ndogo ya babu.' Basi, karudi garini. Hao watoto watatu wa nje umewatoa wapi?"

"Wawili. Wa tatu kaongeza muuza mkaa."

Uani kwetu ndivyo kulivyo, habari hailali njaa. Shida ni kwamba hii ilikuwa imeshafika chumba cha mwisho, kwa Bibi, mjane wa fundi seremala. Bibi alitua mwiko, akafunga mlango, akatia komeo. Miaka arobaini na mitano ya ndoa mumewe hakulala nje hata siku moja. Leo yuko kaburini mwaka wa tatu, ndipo nyumba ndogo inamfuata mlangoni, tena saa sita mchana, watu wote wapo!

Mgeni akarudi amekumbatia kasha kubwa. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, nywele fupi, vidole vimejaa gundi iliyokauka. Akaenda moja kwa moja mlango wa mwisho, kama mguu wenyewe unajua njia.

"Hodi, Bibi."

"Hapa hakuna bibi yako! Bibi yako yuko huko huko ulikotoka!"

"Lakini mimi ni mjukuu."

"Mjukuu wa nyumba ndogo!"

"Ndiyo, Bibi!" akasema kwa furaha, maana alidhani ameeleweka. "Nimeijenga mwenyewe, miezi minane!"

Kinyozi alilazimika kukaa chini.

Mimi nilikuwa kizingitini nachambua mchele, nikaona hapa kabla ya alasiri kuna mtu atazirai. Nikamshika mgeni mkono. "Dada, ndani ya hilo kasha kuna nini?"

Akaliweka juu ya meza ya mshonaji, akafungua.

Ilikuwa nyumba. Nyumba yetu sisi. Paa la bati lililokunjwa kwa vidole, bomba la uani refu kama njiti ya kiberiti, kamba ya nguo na shuka zake, kila moja kubwa kama ukucha. Nikainama, nikatia jicho dirishani, na kelele zote za nyuma yangu zikazimika. Jua lilikuwa linapenya pazia la chachi na kulala sakafuni, dogo, la njano, kama limekatwa kwa mkasi. Nikajiona nimo mle ndani, miguu peku, natembea polepole katika ukumbi ambao ningeweza kuufunika kwa kiganja. Nikausukuma mlango wa jiko kwa ncha ya sindano ya mshonaji. Sikutokea uani. Nilitokea kwenye chumba cheupe, juu ghorofani, chenye mabomba ya kupasha joto ukutani, na nje ya dirisha kulikuwa na theluji ya pamba, imesimama hewani, haianguki wala haiondoki.

"Huku ni wapi?" nikauliza, nikashangaa sauti yangu ilivyo kubwa.

"Huko ndiko wazazi walikonipeleka nikiwa na miaka saba," alisema mgeni. "Kule wakiniuliza natoka wapi, nawasimulia hapa. Nilijua huku nako nitaulizwa natoka wapi, na leo dereva kaniuliza. Ndiyo maana nimezijenga nyumba zote mbili pamoja." Akagusa chumba cha pembeni, kitupu, kuta tu. "Keshokutwa inakwenda kwenye maonyesho. Kimebaki hiki cha babu na bibi. Watoto tulikatazwa kuingia. Nilitaka tu kukiona. Sasa kama hanitambui, hata hivi vingine ni kama nimeviiba."

Mshonaji akashika kiuno. "Mwanangu, nani kakufundisha kusema nyumba ndogo?"

"Si nyumba? Si ndogo?"

"Hiki ni kijumba! Nyumba ndogo ni mwanamke wa pembeni. Umewatangazia watu wote hapa kwamba babu yako alikuwa na hawara, na wewe ndiye mjukuu wa huyo hawara!"

Mgeni alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kule alikokulia, alituambia baadaye, Kiswahili alizungumza na mama yake tu, na kuna maneno ambayo mama hamfundishi mtoto.

Kinyozi akakimbia kugonga mlango. "Bibi, fungua! Nyumba ndogo ni ya mbao!"

"Hata ikiwa ya dhahabu!"

Basi mgeni akabeba nyumba yake mwenyewe, akaiweka mbele ya mlango, akarudi nyuma hatua tatu. Hakusema tena yeye ni nani. Sote tukanyoosha shingo.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho, halafu kiasi cha bega. Bibi akainama, magoti yakamlia, akachungulia upande wa karakana ya mumewe: benchi la useremala, randa ndogo kama punje ya mchele, na chini ya benchi, kigodoro.

"Hiki kigodoro umekitoa wapi?"

"Nilikilalia, Bibi. Mchana, babu akipiga randa."

"Hapo kalala mtoto mmoja tu duniani. Kila jioni nilikuwa namchambua takataka za randa nyweleni." Bibi akamtazama usoni, polepole, kama anayesoma bila miwani. "Maranda?"

Jina hilo sisi majirani hatukuwahi kulisikia; wengi wetu tulihamia mtoto huyo keshaondoka.

"Abee, Bibi," akaitika mgeni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa miaka saba.

Bibi hakulia. Alitia kidole upande wa theluji. "Na huku mbona hakuna jirani?"

"Yupo, nyuma ya ukuta. Namjua kwa kikohozi."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Hujui!" Kinyozi akatikisa kichwa kama kapewa habari ya msiba.

Kidole cha Bibi kikafika kwenye chumba kitupu, kikazunguka kuta zake nne, kikatoka. Aliinuka, akausukuma mlango wake mpaka ukagonga ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa nikaona kitanda cha fundi, na jua limekilalia chote.

"Na nyie mnakodoa nini, wapika maneno?" alitufokea. Kisha akamgeukia mjukuu, ambaye alikuwa ameshatoa utepe wa kupimia. "Rudisha hiyo kamba mfukoni. Utapima baadaye. Nawa mikono kwanza, gundi hailiwi, halafu ingia ule. Chakula kinapoa."