Siku Ornella Alinyamaza Mbele ya Bageni

"Ornella, leo usifungue kinywa. Utacheka kidogo, utaangalia chini, basi. Mupaka bageni baende."

"Mupaka baende?"

"Mupaka baende!"

Ni mimi Virginie, yaya yake, dada yake mukubwa, nilimupa ile shauri. Mabwana wawili balishaniacha, donc najua maneno yenye kukimbizaka banaume.

Mudogo wangu hana ubaya. Ni namna yake tu, na mu Butembo muzima sijaona mwengine wa vile. Anaweza kumaliza siku mbili bila neno, halafu anakuuliza swali moja lenye kukutoa jasho. Luc, muchumba wake wa kwanza, alimwambia, "Nakupenda sana." Yeye: "Sana kupita nani?" Luc alikwenda Lubero kutafuta mbegu ya viazi, nafikiri anaitafuta mupaka leo. Élysée, wa pili, alimuomba abadilike kidogo. "Kidogo ni wapi? Onyesha." Élysée akaonyesha barabara, akaishika.

Mais Éliakim wa Beni alikuwa wa namna ingine. Balikutana kwenye depo ya kakao, pale Ornella anapima mbegu: anapasua moja moja na kisu, anaangalia rangi ya ndani. Akapasua za Éliakim, akasema mbele ya batu bote, "Hizi bado kuchacha. Ulikuwa na haraka." Mwengine angetukana. Yeye akauliza, "Nizifunike siku ngapi?" Kisha juma moja akarudi na kakao nzuri. Juma yenye kufuata akarudi bila kakao!

Sasa Ornella, mutu wenye halie hata kwa matanga, akaniambia mu jikoni: "Yaya, huyu nikimupoteza, itaniuma." Roho yangu iliruka. Ndiyo maana nilimufunga kinywa.

Basi jumamosi, bageni ba Beni balikuja kuposa, bakajaa mu salon yetu, chupa za sucré mu mikono. Mukubwa wao alikuwa Phinées, baba mudogo wa Éliakim, na kofia yake nzuri. Kwetu baba anaita binti, anamuuliza mbele ya bote kama anajua bale bageni. Akisema ndiyo, furaha. Akinyamaza mara tatu, amekataa, na bageni banarudi kwabo na mbuzi zabo za mahari. Kila mutu anajua vile. Hata mimi najua. Nilisahau tu!

"Binti yangu, hawa bageni unabajua?"

Ornella akacheka kidogo. Akaangalia chini. Kimya.

Baba akakohoa. "Ornella, unabajua?"

Kimya. Nikatoa macho, nikamutikisia kichwa: sema! Yeye akafikiri namusifu, akaangalia chini zaidi.

"Mara ya tatu, mwanangu. Unabajua?"

Ornella akacheka kidogo tena.

Phinées akaweka sucré chini, akachukua kofia. "Muzee, jibu tumelipata." Bageni bakasimama.

"Ornella, sema!" nikalia.

"Yaya, bageni bado kwenda."

"Nilikosea, bazee! Ni mimi nilimukataza kusema, mimi na kichwa yangu ya mbuzi!"

"Mara tatu ni mara tatu, mama," Phinées akasema.

Mais Éliakim hakusimama. Alishika kiti na mikono mbili kama mutu mwenye kupanda pikipiki kwenye njia mubaya. "Baba mudogo, mimi sitoki. Huyu mwanamuke hajibu swali kabla ya kuuliza lake. Mungoje alete."

Ornella akainua macho. Mara ya kwanza ile siku.

"Éliakim, nikinyamaza siku mbili mu nyumba, utaenda kulalamika kwa nani?"

Alifikiri, na mimi nikakufa mara nne.

"Siku ya kwanza nitaogopa," akasema. "Ya pili nitakuja kukaa karibu yako, ninyamaze na mimi. Mais mimi nasemaka sana, hata mu usingizi. Utanivumilia?"

"Nitakuvumilia." Akageukia baba. "Baba, huyu namujua. Hawa bengine, bado. Bakae, nibaulize."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko! Baba alicheka mupaka akashika ukuta. Phinées akakaa tena, kofia kwenye magoti. "Eh, mwanangu! Anza na mimi, mais polepole."

Ornella akaanza naye kweli. Phinées alimaliza sucré tatu akijibu, na mimi nikakimbia inje kupiga bigelegele mupaka majirani bakatoka kuuliza nani ameolewa, mimi ao yeye.