Hoja ya Sita

Jumamosi alasiri, baada ya kuanika mashuka ya wodi ya wazazi na kurudi nyumbani, Dobi alifuta meza, akaikagua isiwe na mafuta, kisha akaweka juu yake kalamu mbili, daftari la mistari na riwaya ya darasa isiyo na jalada. Hospitali ilikuwa imetangaza kwamba wafanyakazi wa kufulia wanaotaka kusomea uuguzi msaidizi wawe na cheti cha sekondari na wasiwe wamefika miaka arobaini na mitano. Yeye alikuwa na arobaini na minne na ushee. Masomo mengine alikuwa ameshafaulu, hata hesabu, iliyomtoa jasho. Ilibaki insha moja ya uhakiki, alama ishirini: Jadili jinsi mhusika mkuu anavyokua kutoka utotoni hadi utu uzima. Aliyefeli aliruhusiwa kuandika upya mara moja, basi.

Alifungua ukurasa wa kwanza. Mhusika mkuu akatoka, msichana wa miaka tisa mwenye magoti yaliyochubuka, akavuta kiti cha pili na kuuliza kama kuna chai.

"Ipo kwenye chupa," Dobi alisema. "Angalia usilimwagie daftari langu."

Msichana alikunywa vikombe viwili. Dobi alipofunga kitabu ili akapike, msichana hakurudi ndani yake, kwa hiyo akatandikiwa godoro sebuleni. Mtoto wa watu hawezi kulala kwenye meza.

Alikua kadiri Dobi alivyosoma. Sura ya tatu viatu vilimbana, sura ya tano akaanza kujibizana, na pindo la sare yake ilibidi likunjuliwe Jumanne na tena Ijumaa. Jirani alilalamika, lakini kuhusu kamba ya nguo tu, kwamba mgeni anaanika siku isiyo zamu yao. Katika darasa la Dobi la cheti kukawa na manung'uniko kidogo. Wanafunzi walisema kwamba katika nakala zao mama anamwita bintiye sura nzima na haitikiwi. Mwalimu aliwaambia ni kosa la wachapishaji, wasome tu.

Mwalimu huyo alikuwa mdogo wake Dobi, kitinda mimba wao. Darasani Dobi alimwita mwalimu kama wenzake, nyumbani akamwita Kitinda. Alikuwa mwalimu mzuri, mpole, shati limenyooka. Insha za cheti alizisahihisha kwa mwongozo uliotoka juu, na kwa kuwa hakutaka mtu wake afeli, aliwasomea wanafunzi hoja zote sita zilizomo wakaziandika. Ya sita ilisema: Mhusika mkuu anakomaa pale anapoacha shule kwa hiari yake ili awalee wadogo zake.

Ilikuwa ni jambo la kukariri tu. Kosa la Dobi lilikuwa kuuliza.

Alifika sura ya kumi siku ya Jumapili. Mama wa kitabuni alikuwa ameshafariki sura ya nane. Msichana, sasa wa miaka kumi na minne, alikuwa amekaa kando yake anachagua mchele. Dobi alisoma kwa sauti: "Nikaikunja sare yangu, nikaiweka chini ya sanduku. Nyumba kwanza, nikasema."

"Ilikuwa hivyo?" aliuliza.

"Wapi!" msichana alisema. "Kikao kilikuwa sebuleni, mimi nilikuwa jikoni. Baba wadogo wawili na shangazi. Nilipowapelekea maji ya kunywa wakaniambia, mwanetu, tumeamua. Nikauliza, mmeamua nini? Wakasema, wewe sasa ni mtu mzima."

"Ukajibu nini?"

"Nikakusanya glasi."

Dobi aliweka kalamu chini. Yeye naye aliwahi kupeleka maji, ila vikombe vyake vilikuwa vya bati, na mgongoni alikuwa amembeba kitinda mimba mwenye homa. Kwa miaka thelathini hakumsimulia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alilia pale pale mezani, akalia sana, na msichana akamwacha alie huku akiendelea na mchele.

"Kwa hiyo hukukomaa," Dobi alisema alipomaliza kupenga kamasi.

"Nilichoka, shangazi. Msichana akichoka akanyamaza, watu husema kakomaa."

Dobi aliandika kurasa nne siku ile ile. Aliandika kwamba mhusika mkuu hakomai, anachoka, na kwamba uamuzi wa sura ya kumi si wake, ni wa watu watatu waliokaa sebuleni. Mahali pa nukuu aliandika: Nimemuuliza mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuandika kitu akakipenda vile. Alikisoma mara tatu akitembea chumbani, na mara ya tatu msichana alipiga makofi.

Alipata alama nne. Mbili za mwandiko, mbili za utangulizi.

Alhamisi baada ya kipindi walikwenda wote wawili ofisini kwa mwalimu. Mwalimu alimpa msichana kiti na, kama mtu aliyelelewa vizuri, akaanza kwa kumpa pole ya msiba wa sura ya nane. Msichana akasema ameshapoa.

"Mwalimu, mimi sikuacha shule kwa hiari," akaendelea.

Mwalimu alifungua mwongozo, akapitisha kidole kwenye mistari, akageuza karatasi ahakikishe na nyuma. "Niwie radhi," alisema. "Humu hakuna nafasi ya maelezo ya mhusika. Mhusika anathibitishwa kwa nukuu, si kwa mdomo."

"Lakini maneno yenyewe ni yangu."

"Ni ya ukurasa wa mia moja na arobaini."

"Kitinda," Dobi alisema, akasahau kwamba wako shuleni. "Na mimi je? Unadhani niliacha kwa hiari?"

"Dada!" Mwalimu alitabasamu. "Wewe ulijitolea. Kila mwaka nawaambia wanafunzi, nina dada aliyeacha vyote ili sisi tusome. Kwa nini unadhani hoja ya sita naipenda kuliko zote?"

Aliyasema kwa moyo mweupe, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Dobi alimtazama uso. Ulikuwa uso ule ule aliokuwa akiufuta uji. Alikuwa amejiandaa njia nzima, maneno yakiwa yamepangwa, na sasa akayaacha. Alimpenda mno mdogo wake kiasi cha kushindwa kumnyang'anya dada huyo aliyekuwa naye.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," mwalimu alisema kwa upole. "Una wiki mbili. Andika wanavyotaka, upate cheti chako."

"Nimeinama miaka thelathini, mdogo wangu. Huo uvungu naujua wote."

Mwalimu alicheka, akadhani ni utani, akawasindikiza hadi mlangoni.

Wiki ya kwanza Dobi hakugusa kalamu. Alifua, akaanika, akapasi, akarudi. Jumamosi msichana, aliyekuwa ameshafika sura ya mwisho na miaka kumi na saba, alimwekea daftari mbele yake.

"Andika, shangazi."

"Siwezi kukusingizia ukiwa umenikalia hapo."

"Mimi nimeshachapishwa. Nakala elfu tatu zinasema nilitaka mwenyewe. Ya kwako ikiongezeka itanipunguzia nini? Wewe una miaka arobaini na minne na miezi minane. Wale wagonjwa watakusubiri mpaka lini?"

"Unajifanyia tena kile kile walichokufanyia."

"Najua," msichana alisema. "Shika kalamu."

Akamtajia hoja zote, moja baada ya nyingine, na nukuu na kurasa zake, maana alikumbuka kila kitu. Kwenye hoja ya sita sauti yake haikubadilika. Dobi aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda mpaka masikioni, na akaandika.

Alipata kumi na tisa. Alama moja ilikatwa kwa kuvuka pambizo.

Cheti kilipotoka, hospitali ilimpangia aanze mafunzo mwezi uliofuata. Msichana, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimeisha na hakuwa na pa kurudi, alijiandikisha darasani. Mwalimu hakumuuliza mengi. Kwenye nafasi ya jina aliandika Mhusika Mkuu, akamwelekeza dawati la nyuma, akamwambia kwamba insha ya mwaka huu itakuwa kitabu kile kile, swali lile lile.

Siku ya kuaga, mwalimu alimwomba dada yake asimame mbele na kuwasomea wanafunzi wapya insha yake, waichukue kama mfano. Alikaa pembeni amekunja mikono, fahari imemjaa kifuani. Dobi akasoma. Kalamu zikamfuata, hoja ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na hapo mkono mmoja ukanyooshwa kutoka nyuma.

"Samahani, irudiwe hiyo," msichana alisema. "Sijaipata yote."

Mwalimu alimwashiria dada yake arudie. Dobi akaisoma tena, polepole, kwamba mhusika mkuu anaacha shule kwa hiari yake. Msichana aliinamia daftari, akaandika mpaka mwisho, akaweka nukta, akapiga mstari chini yake.