Jeki Iliyopigwa Chaki

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na anayenijua anajua kwamba hayo si ya kuchezea, haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikiongeza hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na yang'oke yote, nibaki kunywa supu mpaka kufa.

Kazini nilikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha sabuni. Ufundi hakunifundisha mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu vitu vya nyumbani, na vilipokwisha mke wangu akanitoa nje nikaharibu vya majirani. Lakini nilipostaafu, hapakuwa na mtu mtaani aliyenishinda jambo moja: kununua vifaa vya bei rahisi bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuna duka moja kubwa, lile la vitu vya bei ya kutupa. Ukiingia unakuta nyundo zimelala na midoli, misumeno imening'inizwa juu ya taulo. Watu walikuwa wananipitia nyumbani asubuhi kabla ya kwenda huko, kama mtu anavyompitia mshenga.

"Mzee, twende ukanitazamie bisibisi."

Nami nilikuwa na mambo yangu. Nyundo naishika kichwa nautikisa mpini. Ikicheka, naiacha hapo hapo. Spana naibana kwenye nati ya mlango wa duka, muuzaji akiwa amefumba macho. Ile ya uongo inapanua mdomo kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Futi za kupimia nazitoa mbili nazilaza ubavu kwa ubavu. Niliwahi kukuta mbili za boksi moja zinabishana kwa upana wa kiganja, na muuzaji akaniambia moja ilikuwa bado changa.

Watu wanasema rahisi ghali. Si kila mara. Msasa, brashi, ndoo, vibanio, chukua mwanangu, utajutia nini? Usiulize kifaa ni bei gani. Uliza, kikikuangusha, utaangukiwa na nini? Brashi ikinyonyoka utaangukiwa na unywele. Lakini kitu chochote kinachobeba au kuning'iniza uzito, hicho kwanza lazima kilale.

Kulala ni hivi. Pale uani kwangu kuna pipa la maji. Nalijaza mpaka shingoni, nakitwisha kifaa pipa lile, napiga mstari ukutani pale ukingo wa pipa ulipofika, kisha naenda zangu kulala. Asubuhi natazama mstari. Pipa likiwa limeshuka hata unene wa kucha, kifaa kinarudi dukani. Lisiposhuka, nakipiga alama ya chaki nyeupe. Mtaa mzima ulikuwa unaijua chaki hiyo. Mtu akiazima ngazi kwa jirani haulizi ni ya duka gani, anauliza, "Imelala?" Na wakaniita Mzee Chaki, jina ambalo nililivaa kama koti jipya.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuanzia hapa mpaka leo magoti yangu hayajarudi yalivyokuwa. Nikisikia kitu kinapumua polepole, birika, tairi, hata paka, natafuta pa kushika.

Mkwe wangu, aliyemuoa binti yetu wa pekee, ni mwoka mikate. Ana kigari cha kusambazia mikate, na breki za mbele zilikuwa zimeanza kulia. Akaniomba nimtafutie jeki. Nikaiona ile pale dukani, fupi, nene, nyekundu kama pilipili. Nikaiinua. Nzito! Nikasema moyoni, chuma hiki si cha mchezo. Nikaja nayo nyumbani nikaisukumia chini ya kitanda. Jioni goti liliniuma, kujaza pipa ni ndoo kwa ndoo, na jeki ile ilikuwa nzito kiasi kwamba niliona kuipima ni kama kuitukana. Nikatoa chaki mfukoni nikaipiga alama.

Asubuhi mkwe akaja na kigari na mke wake. Binti yetu alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limefika pale ambapo mtu anakaa chini kwa mafungu mawili. Akakaa kwenye ngazi ya mlango na beseni la viazi, anamenya. Mama yake yuko ndani anapasha maji.

Mkwe akainua kigari upande mmoja, akafungua tairi la mbele, akabadilisha breki, safi kabisa. Alipoona kazi imekwisha mapema akasema, "Baba, maadamu kimeshainuka, acha niingie nikaze na ekzosi. Imelegea, inanipigia kelele."

Nikamwambia, "Weka basi tairi hilo chini ya chesisi, kwa usalama."

Akainama akatazama jeki, akaona chaki. Akacheka. "Ah, Baba! Si imelala hii?"

Binti yangu akainua uso kwenye viazi vyake akanitazama. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa anasubiri tu baba yake aseme neno.

Nikasema, "Usiku kucha."

Mkwe akalala chali akajivuta chini ya gari mpaka ikabaki miguu yake tu.

Mara ya kwanza nilisikia sauti nikadhani ni birika la mke wangu ndani. Fsss. Nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwenye meno. Nikatazama jeki. Pale shingoni, chuma kinapotokea, palikuwa pameota tone la mafuta. Likanenepa, likashuka juu ya rangi nyekundu, na jingine likakaa mahali pake.

Nikaweka kidole changu cha gumba kwenye shingo ile kupima. Nikahesabu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Kile chuma kilichokuwa kirefu kuliko gumba langu sasa kilikuwa sawa nalo. Sikuwa nimesogea. Gari ndilo lililokuwa linashuka, taratibu, kama mgonjwa anayekaa kitini.

Tairi nililomwambia aliweke chini lilikuwa upande wa pili wa gari. Nikasema niende nilichukue, miguu ikakataa. Nilikuwa nimesikia watu wakisema wameganda kwa hofu, nikidhani ni maneno ya kunogesha hadithi.

Mtasema, si umwambie tu atoke? Nami nilitaka. Lakini kumwambia atoke ni kumwambia kwa nini, na yule mtoto kwenye ngazi alikuwa anamenya viazi huku ananiangalia. Nikatafuta njia ya kando.

"Mkwe! Chai tayari!"

"Nakuja, Baba. Bado nati moja."

"Simu yako inaita!"

"Simu ninayo mfukoni, Baba, haijaita."

"Nadhani... nadhani mvua inakuja."

"Huku chini hainiloweshi," akasema, akacheka, na nikaona tumbo lake likicheka, na chuma cha gari kilikuwa karibu na tumbo lile kuliko nilivyotaka kuona. Alipovuta pumzi, kitufe cha shati lake kiligusa.

"Baba, mbona unatetemeka?" binti akauliza. Aliacha kisu.

Chini ya gari spana ikaacha kugonga. Kisha, kwa sauti ndogo, ya mtu ambaye hataki kumsumbua mkubwa: "Baba, hivi mbona huku pamekuwa padogo?"

Fsss.

Hapo ndipo mdomo wangu, ambao haujawahi kuniangusha kwa uongo, ulipofunguka wenyewe.

"NYOKA! Nyoka kwenye miguu yako!"

Jamani, sijapata kuona mtu akitoka mahali hivyo. Hakujivuta, alitemwa. Shati likabaki kwenye chuma, kitufe kikaruka, na kichwa chake kilipopita ukingo wa gari ile jeki ikatoa sauti moja ya kukohoa, na kigari kikaanguka. Kilianguka mahali kifua chake kilipokuwa. Vioo vilitikisika. Trei za mikate ndani zililia zote kwa pamoja. Binti yangu hakupiga kelele. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili akabaki amefungua mdomo, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Mkwe alikuwa amekaa kwenye vumbi, fulana imechanika. Anatazama gari. Anatazama kifua chake. Anatazama gari tena.

"Nyoka huyo," akasema, "Mungu ambariki."

Ningekomea hapo, ningekuwa mtu mwerevu. Lakini majirani walishafika na fimbo: fundi viatu, kinyozi akiwa bado na kitana sikioni, na mteja wake aliyenyolewa nusu. Nikaona wananitazama mimi.

"Yuko wapi? Mkubwa?"

"Mkubwa!" nikasema. "Mnene kama paja langu."

"La sasa au la ujanani?" fundi viatu akauliza.

"Alipita hapa, akainua kichwa, akanitazama machoni. Ndiye aliyeigonga jeki kwa mkia. Nyoka wa aina ile wana nguvu mkiani."

Wakachokonoa kuni, wakafunua mabati, yule wa nusu kichwa akapanda juu ya ukuta na kukataa kushuka. Kila mtu aliyeuliza nilimwongezea nyoka urefu kidogo. Moyo ulikuwa bado unanipiga kwenye masikio, na nadhani nilikuwa nasema ili nisiusikie.

Mke wangu alitoka ndani. Hakuuliza nyoka. Alimshika binti yake mgongo, akamwekea mkono tumboni, akangoja mpaka mtoto wa ndani apige teke, ndipo akashusha pumzi. Kisha akaenda kwenye jeki iliyolala ubavu, akaiinua. Kitako chake kilikuwa kimepasuka, na ndani yake ukamwagika mchanga. Mchanga! Uzito wote ule niliouheshimu ulikuwa mchanga.

"Na mchanga ameujaza nyoka?" akauliza.

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Mzee, hii ililala wapi?" mke wangu akaendelea.

"Si pale uani, kwenye pipa. Usiku kucha."

"Pipa lipi?"

"Pipa si ni lile lile?"

"Pipa nililipindua mimi jana mchana nikalianikia blanketi. Halijaguswa mpaka sasa hivi."

Vichwa vyote vikageuka uani, hata cha yule aliye ukutani. Pipa lilikuwa limesimama kichwa chini, na blanketi juu yake, limekauka vizuri.

Fimbo zikashuka moja moja. Mkwe ndiye niliyemwogopa zaidi, naye aliinamisha macho, kwa kuwa mkwe hamwambii baba mkwe kwamba amesema uongo. Laiti angenitukana. Aliyesema ni binti yangu, na hakupandisha sauti.

"Baba, niliona umesita. Nikajisemea, baba hawezi."

Kinyozi akamtuma mtu gereji. Wakaja na jeki ya kweli, nyeusi, mbaya, imejaa makovu, na magogo mawili mazito. Kigari kikainuliwa. Mikate ilikuwa inasubiriwa na watu, na ile nati ilikuwa bado. Mkwe akaokota spana akainama, mikono ikamtetemeka mpaka spana ikalia kwenye chuma. Akajaribu tena. Mke wangu akaichukua spana kutoka mkononi mwake akanipa mimi.

"Aliyepiga chaki ataingia yeye."

"Mke wangu, goti langu..."

"Utalala chali. Goti halina kazi huko."

Nikatazama magogo. "Hayo yamejaribiwa?"

"Yatajaribiwa na wewe," akasema fundi viatu.

Nikalala kwenye vumbi nikajivuta. Huko chini ni giza lenye harufu ya mafuta, na chuma kiko karibu na pua kiasi kwamba unaona kutu yake kama unavyoona ngozi ya mtu. Nikajua kila alichokiona mkwe wangu, na kwamba alikuwa amelala hapa anacheka. Kitu fulani juu yangu kikalia, tik, nikafumba macho nikayataja majina ya wazazi wangu wote wawili.

"Bado hiyo nati?" mke wangu akauliza. Niliiona miguu yake, na ya mkwe, na ya binti yangu aliyekataa kurudi kukaa.

"Bado," nikasema. Nilikuwa sijaigusa. Nikainua spana, ikapita pembeni ya nati. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaanza tena.