Jicho la Kushoto la Fundi Saa

Tone la kwanza liliangukia ndani ya saa ya mwalimu mkuu, kwenye gurudumu la tatu, Jumatatu asubuhi. Fundi Saa akalifuta kwa pamba, akapuliza, akaendelea na kazi. La pili likaangukia palepale. Kufikia adhuhuri alikuwa amejifunga kitambaa kidevuni, na wapita njia wakisimama kibandani kumpa mama huyo pole ya msiba, naye akiwajibu kwamba hajafiwa na mtu, ni jicho tu limeamua.

Lilikuwa jicho la kushoto, lile analobandika kioo cha kukuzia, na lilitoa maji miaka mitatu bila kupumzika hata sikukuu. Kila jioni alikamua kitambaa kwenye beseni, akayamwaga uani na kuyatukana kwa maneno ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya wakwe. Saa za watu zikaanza kuota kutu. Madaktari wa nyumbani walisema imeziba ile njia nyembamba inayopeleka machozi puani, na kwamba kifaa cha kuizibulia hawana. Ndugu wakakaa kikao. Ikakubalika apelekwe ng'ambo, kwenye jiji lilelile ambako binti yake wa pekee alikuwa akifanya kazi za ndani, ili mgonjwa atibiwe na mama amwone mwanawe. Wifi yake akajitolea kumsindikiza.

"Wewe jicho, mimi mdomo," wifi alisema. "Tutafika."

Binti aliruhusiwa kushika simu siku ya Ijumaa, dakika tano. Kila Ijumaa alikuwa akiandika maneno yaleyale, kwamba yuko salama, kazi ni nzuri, mama asiwe na wasiwasi. Alipoambiwa mama anakuja alijibu karibu sana, ila hajui kama atapata nafasi ya kutoka.

Daktari wa huko alikuwa mtu mpole, akizungumza kwa kinywa cha mkalimani wa hospitali. Alieleza kwamba atapitisha maji ya chumvi kwa sindano butu kwenye kitundu cha pembeni mwa jicho. Njia ikiwa wazi, mgonjwa husikia chumvi kooni. Ikiwa imeziba, maji hurudi nje.

Akasukuma sindano ya kwanza. Maji hayakurudi.

"Unasikia chumvi?"

"Sisikii."

Akasukuma ya pili na ya tatu. Yote yakaingia, na koo la Fundi Saa likabaki kavu. Daktari akadondosha rangi ya kijani jichoni, akamtia pamba puani, wakangoja dakika kumi. Pamba ikatoka nyeupe.

Hapo simu ya wifi ikalia. Alikuwa binti, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa.

"Shangazi, mama yuko salama? Nilikuwa napiga pasi, nikasikia chumvi kooni mara tatu. Sasa nimepenga kamasi, imetoka ya kijani."

Wifi akamwambia mkalimani, mkalimani akamwambia daktari. Daktari akauliza ni kijani cha majani au cha ndimu. Cha ndimu, binti akasema. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye faili kwamba njia haijaziba, ila inatokea kwa mtu mwingine. Kwa mapacha amewahi kuliona hilo, alisema. Kwa mama na mwana ni nadra kidogo. Analia yule, na machozi yanapanda yanatokea kwa huyu.

Habari ya njia Fundi Saa aliielewa upesi. Kilichomkata maini ni siku. Jumatatu ile ya saa ya mwalimu mkuu ilikuwa siku ya nne tangu binti apande ndege. Miaka mitatu alikuwa akikamua kilio cha mwanawe na kukimwaga uani, na kukitukana juu yake.

Jumamosi wakaenda kwenye nyumba yenyewe. Ilikuwa ya ghorofa tatu, geti la chuma lililopakwa rangi juzijuzi, na kwenye nguzo kisanduku cha kuongelea. Wifi akabonyeza. Ikasikika sauti ya mwanamke kwa lugha ya huko, halafu ya binti, kavu na iliyonyooka. Mwenye nyumba alihitaji mkalimani, na ndani hapakuwa na mwingine.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Bosi anasema leo hana nafasi ya wageni."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie utoke nikuone tu, hata kwa dakika moja."

Wakazungumza huko ndani.

"Anasema mkataba bado. Paspoti yangu kaifungia kabatini, anasema ni kwa usalama wangu. Anasema alishakuwa na wasichana saba kabla yangu, wote wakilia ovyo, ikambidi awaadhibu. Anakushukuru kwa malezi, mama. Mimi hajawahi kuniona na chozi."

Fundi Saa alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili. Kola ya gauni lake ilikuwa imelowa upande mmoja.

"Wanakupiga?"

Sauti ya kisandukuni ikaanza kukatika.

"Mama, hilo nimtafsirie?"

Maji yaliyotoka safari hii yalikuwa ya moto wa kubabua shavu, na Fundi Saa hakuuliza tena. Wifi akabonyeza kisanduku tena na tena. Kidirisha cha geti kikafunguka, mkono wenye pete ukatoa boksi la karatasi laini za kujifutia, kikafungwa.

Jumatatu wakaenda polisi, na kutoka hapo ubalozini. Kote walipewa viti. Kote waliombwa ushahidi, na Fundi Saa akaonyesha jicho. Karani mmoja akasema, kwa heshima zote, kwamba jicho ni ugonjwa na mkataba ni mkataba, na huo ulibakiza miaka miwili.

Jumanne daktari alikuwa tayari kwa upasuaji. Angemtobolea njia mpya hadi puani mwake mwenyewe, kazi ya saa moja, na angerudi kwenye saa zake na jicho kavu.

"Na machozi?"

"Yatarudi kwa mwenyewe."

Fundi Saa akagusa jicho lake la kuume.

"Hili je, linaweza kuzibwa njia yake ya puani, machozi yake yule yapandie na hapa? Jumamosi getini sauti yake ilianza kukatika. Jicho moja halimtoshi."

Daktari akasema kuziba ni rahisi kuliko kuzibua, ni vizibo viwili vidogo kuliko punje ya mtama, mgonjwa hata hapewi dawa ya usingizi. Lakini kwa macho mawili yenye maji ufundi ndio basi. Fundi Saa akasema saa zina mafundi wengi.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," wifi alisema, akampokea mkoba.

Jicho la kuume lililowa kabla hajashuka kitini.

Waliporudi nyumbani, kwenye uwanja wa ndege ndugu waliwalaumu sana madaktari wa ng'ambo. Wiki mbili baadaye, Ijumaa, ujumbe wa binti ukaingia: "Mama, juzi bosi kaniunguza mkono kwa pasi, na wala sikulia. Kanisifu mbele ya wageni."

Hiyo juzi ilikuwa Jumatano, saa nne kasoro robo asubuhi, pale macho yote mawili yalipomwaga maji ya moto. Fundi Saa hakuhitaji kuambiwa.