Bati la Kukanyagia

Uliliona. Usikatae. Ulipita kando ya ghala la pamba, barabara ya Magu, ukaliona trekta la kikundi cha wakulima limeoza chini, ukageuza uso kama mtu aliyekutana na mkwe wake akiwa hajavaa shati.

Justa hakugeuza. Anayeliendesha ni mdogo wake, Nestory, na mguu wa Nestory hushinda juu ya bati lililoliwa na kutu, gurudumu la nyuma likizunguka pembeni ya goti. Bati likiachia shambani, mguu unakwenda na gurudumu.

Kwa hiyo asubuhi ile alifika na tindo, nyundo na msumeno wa chuma. Kesho yake trekta lilitakiwa kuvuta tela la wacheza ngoma mpaka Bujora, kwenye mashindano, na Masele, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ameshachovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nyundo ya nini? Tunapaka, hatubomoi."

"Tung'oe kwanza haya mabati ya kukanyagia. Yameoza."

"Rangi itayashika."

Rangi itayashika! Justa alikwangua kwa tindo, historia ikaanza kudondoka. Rangi ya chungwa: mwaka wa uchaguzi, kamera zilikuja zikaondoka kabla haijakauka. Chini yake kijani: mgeni wa kuzindua msimu wa pamba. Chini kabisa bluu: mgeni mwingine, ahadi zilezile. Sherehe zote hizo, na hakuna aliyewahi kugusa bolti hata moja. Kutu ikala zake taratibu, imefunikwa vizuri, haina haraka.

"Nimwage dizeli, bolti zilegee," Justa alisema. "Mpaka jioni tumeshachomelea mapya."

"Na likikosa kuwa tayari? Twende Bujora na trekta lililovuliwa viatu? Bagika watatucheka!"

Mlangoni pa ghala, Bibi Wilhelmina alikuwa akimenya karanga. Yeye ni Mgika, wa Bagika, upande wa ngoma unaoshindana na Bagalu wa Masele tangu enzi za mababu.

"Mbona tumeshaanza kucheka?" alisema. "Mgalu anaogopa bati lake mwenyewe!"

"Nani anaogopa?"

"Panda basi, tuone."

"Baba mdogo, usipande," Justa alisema. Lakini umwambie Mgalu asipande, Mgika anatazama! Masele alipanda, brashi mkononi, akaanza kutikisa mabega. Nestory, aliyekuwa kando akisubiri kazi, akampigia debe tupu kama ngoma. Mzee akakanyaga kulia, akakanyaga kushoto, akaruka.

Bati likasema kwaa. Mwenyekiti akazama mpaka pajani.

"Hiyo ndiyo staili mpya ya Bagalu?" Wilhelmina aliuliza.

"Acheni kucheka, nitoeni!"

Kila wakimvuta, meno ya bati yanauma suruali. Ikabidi Justa alale chini ya trekta na msumeno, akate kidogo kidogo, mwenyekiti akiwa humohumo.

"Polepole, mwanangu. Hapo ni mimi."

"Kumbe rangi haijakushika, baba mdogo?"

Masele alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Alitoka na mchubuko kwenye kigimbi na suruali yenye dirisha.

Nestory ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alitazama tundu, akatazama gurudumu lililo karibu nalo. Akachomoa ufunguo, akampa dada yake.

"Mimi siliwashi hili."

"Upande wa kushoto ni mzima lakini," Masele alisema, akiinama kuokota brashi.

Justa akamwekea nyundo kwenye mkono uleule. "Piga hapo wewe."

Alipiga mara moja. Nyundo ikapita, ikabaki inaning'inia. Mwenyekiti akafunika kopo la rangi. "Leteni hiyo dizeli."

Kesho yake trekta lilienda Bujora na mabati mapya ya kijivu, halijapakwa kitu. Bagika walicheka mpaka wakachoka. Nestory alishuka kwa miguu yake yote miwili, akaenda kucheza.

Sasa wewe. Trekta la kijiji chako limepakwa juzi, linang'aa, na kuna mtu wa watu atalipanda alfajiri. Chukua nyundo uende sasa hivi, usingoje kikao. Gonga chini ya rangi. Likitoboka, ng'oa. Mwenyekiti akiuliza nani amekutuma, mwambie apande yeye kwanza.