Mitupo Miwili ya Jeriko

Tajiri wa timu ya mpira wa kikapu alikwishamwambia Kocha Ruel: ukifungwa tena hapa Iloilo, funga virago. Sasa imebaki sekunde moja, wako nyuma kwa pointi moja, na Jeriko, kinda wa miaka ishirini aliyekosa kila mtupo mechi nzima, amepewa mitupo miwili huru. Ukumbi unamzomea.

Msaidizi akanong'ona, "Bosi, mwambie ajifanye ameumia goti. Atakayeingia badala yake ndiye atakayerusha."

Ompong, mkongwe wa miaka thelathini na minane asiyekosa mitupo, alikwishavua koti.

Jeriko naye anaijua janja hiyo. Akamtazama kocha, mkono tayari gotini.

Miezi mitatu Ruel amekuwa akimwambia kwamba timu mpya inajengwa juu yake. Akatikisa kichwa. "Simama wima, mdogo wangu. Rusha."

Mtupo wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili ukazunguka ukingoni, ukatoka.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Jeriko alilia mbele za watu. Ruel akamkabidhi funguo za uwanja wa mazoezi.

"Kesho wahi, urushe mia mbili. Kocha mpya akija, akukute umeshalowa jasho."